Kabla hamjafungua Warumi 9: kufundisha uteule na toba

Kipindi cha Biblia juu ya uteule, yaani fundisho kwamba Mungu huchagua tangu awali watakaookolewa, huharibika mapema, na kinachokiharibu ni mpangilio. Mwalimu anaanza na Warumi 9, kwamba Mungu humrehemu amtakaye, mmoja anamjibu kwa 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe, na tangu hapo watu wanatupiana mistari hadi sala ya kufunga.

Anza na Ezekieli 33:11. Pale Mungu anaapa kwa uhai wake kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Hakuna Mkristo anayekikataa kiapo hicho. Kisha someni 2 Petro 3:3-15 kwa sauti, bila kuruka. Kama mna saa moja na nusu, sehemu hii ipewe saa nzima.

Simameni kwenye neno "kwenu". Katika mstari wa 9 Petro anasema Bwana "huvumilia kwenu, maana hapendi mtu yeyote apotee". Mtetezi wa uteule atauliza: kwenu akina nani? Barua imeandikiwa waamini, basi "yeyote" ni yeyote miongoni mwao. Hoja hiyo ina uzito, msiipuuze. Mwenzake anayempinga atasema anayesubiriwa afikilie toba ni yule ambaye bado hajatubu, na kwamba mstari wa 7 umeshataja hukumu ya wasiomcha Mungu. Calvin mwenyewe, mwanamatengenezo wa karne ya 16 anayejulikana kwa kufundisha uteule, akifafanua aya hii, aliona ndani yake upendo wa ajabu wa Mungu kwa wanadamu, anayetaka wote waokolewe. Akaongeza tu kwamba shauri la siri la Mungu halizungumzwi hapa. Wengi wanaoapa kwa jina lake hawajawahi kusikia hilo.

Baada ya hapo ndipo mwende Waefeso 1:3-14 na Matendo 13:48, kwa sharti moja: kila mtu aeleze mstari unaombana yeye. Anayesisitiza hiari ya mwanadamu ya kuamini au kukataa aeleze "waliokuwa wamekusudiwa uzima wa milele wakaamini" bila kugeuza mpangilio wa maneno. Anayesisitiza uteule aeleze Mathayo 23:37, Yesu anapoililia Yerusalemu: nilitaka, lakini hamkutaka.

Historia isizidi dakika kumi. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia Mholanzi aliyepinga mafundisho ya Kikalvini juu ya uteule, walitoa hoja tano mwaka 1610, Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa makanisa ya Kikalvini huko Uholanzi, ikazijibu mwaka 1618 hadi 1619. Ni vema watu wajue kwamba sinodi hiyo hiyo ilikiri kuwa wote wanaoitwa na Injili wanaitwa kwa dhati. Mkiwa na Walutheri, wakumbusheni kwamba Fomula ya Makubaliano ya 1577, ungamo lao la imani, inakiri uteule wa kuokolewa na inakataa kwamba Mungu ameandalia watu upotevu.

Kosa linalotusumbua sisi wasemaji wa Kiswahili limo katika lugha yenyewe. Ukisema "Mungu alichagua tangu awali", masikio mengi yanasikia "imeandikwa", yaani majaliwa: kama nimepangiwa nitaokoka tu, nihubiriwe nisihubiriwe. Paulo hafundishi hivyo. Akiwa Korintho aliambiwa na Bwana, "mimi nina watu wengi katika mji huu" (Matendo 18:10), naye akakaa mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Uteule ulimfanya abaki kazini. Tajeni mfano huu mapema, kabla neno majaliwa halijatia mizizi.

Na mara nyingi, watu wakiisha kutoka, mmoja atabaki nyuma na kuuliza kwa sauti ya chini: je, kama mimi si mteule? Huyu asirudishwe kwenye hoja. Hata Kanuni za Dordrecht, yaani maamuzi ya sinodi ile, katika sura ya kwanza, zinasema mtu asiyeona bado imani hai moyoni mwake asijihesabu miongoni mwa waliokataliwa, bali aendelee kwa bidii na neno na maombi. Mfungulie Yohana 6:37, mwache asome mwenyewe: "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Kisha ombeni pamoja, hapo hapo.