Maswali yenu: diski kuukuu na Linux nyepesi

Tangu masasisho ya kawaida ya Windows 10 yakome tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta za stoo zimeanza kutolewa vumbi, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu, na maswali yamerundikana. Nimechagua machache. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja tu.

Nina kompyuta ya mezani, Pentium 4, ramu GB 1, na diski GB 80. Windo (Windows) inakwama kila saa. Fundi anasema diski imekufa, kijana wangu anasema nikiweka Linux nyepesi itafufuka. Nimsikilize nani? (Ujiji)

Mzee wangu, usimsikilize yeyote mpaka diski yenyewe iulizwe. Linux nyepesi, yaani mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, inapunguza mzigo wa prosesa na ramu, haiponyi sahani ya diski iliyochakaa. Kuiweka juu ya diski inayokufa ni kupaka rangi mtumbwi unaovuja.

Tengeneza flashi ya antiX, mojawapo ya Linux nyepesi, toleo la biti 32. Pentium 4 nyingi hazina biti 64, na Debian 13, Linux nyingine iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo usihangaike nayo. Bayosi (programu inayoiamsha kompyuta) ikikataa kubuti kutoka kwenye flashi, choma DVD. Mfumo ukishawaka kutoka humo, bila kugusa diski, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `sudo smartctl -a /dev/sda`. Amri isipopatikana, sakinisha kwanza smartmontools kwa `sudo apt install smartmontools`.

Diski inajiandikia historia ya afya yake. Nenda kwenye safu ya RAW_VALUE usome mistari minne. Reallocated_Sector_Ct ni sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake. Zikiwa chache na haziongezeki, diski bado inafaa kwa kazi ndogo ndogo. Current_Pending_Sector ni sekta zinazoshindwa kusomeka sasa hivi, na Offline_Uncorrectable ni zile zilizoshindikana kwenye ukaguzi. Hizo mbili zikiwa juu ya sifuri, nakili kilicho chako leo, si kesho. Wa nne ni UDMA_CRC_Error_Count: ukipanda, mara nyingi kosa liko kwenye waya wa data, na waya ni pesa ndogo. Kisha piga `sudo smartctl -t long /dev/sda`. Itakuambia yenyewe muda itakaochukua.

Namba zikiwa safi na kompyuta bado inakwama, pima ramu kwa Memtest86+ na usafishe feni. Fundi anayehukumu diski bila kukuonyesha namba hizi hajapima kitu, na hustahili kumlipa kwa hukumu hiyo.

Linux ipi nyepesi kuliko zote? (Mwanga, Gungu, Kibondo, Uvinza na wengine)

Swali hili linakuja kila mara bila kutaja ramu wala prosesa. Ramu chini ya GB 2, au mashine ya biti 32: antiX au Puppy. GB 2 kwenda juu na biti 64: MX yenye Xfce (mwonekano mwepesi wa skrini), au Lubuntu. Ukiniandikia tena, taja mashine yako.

Shikamoo. Nimesikia diski iliyokwama ukiilaza kwenye friza usiku mmoja inaamka. (Kakonko)

Marahaba. Usifanye hivyo. Ukiitoa, unyevu unatanda juu ya sahani, na kichwa cha kusomea kinapita juu yake kwa umbali usioonekana kwa macho. Kilichokuwa kinaokoleka kinaondoka.

Nimenunua kebo ya kuunganisha diski za zamani za IDE kwa USB. Diski ndogo ya laptopu inasoma. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani inabaki kimya kabisa. (Katubuka)

Diski ya inchi 2.5 inatosheka na volti 5 za USB. Ya inchi 3.5 inataka na volti 12, kwa hiyo lazima uchomeke adapta yake ya umeme, na uiwashe kabla ya kuchomeka USB. Ikianza kuzunguka lakini haionekani kwenye `lsblk` (amri inayoorodhesha diski), angalia kile kipini kidogo cha plastiki nyuma: kiweke kwenye Master, si Slave. Ikizunguka huku ikigonga ta-ta-ta, zima mara moja. Kila dakika ya kuiacha ikigonga inaweza kuzidi kukwangua sahani. Na asikudanganye mtu kuifungua mezani dukani. Punje moja ya vumbi inatosha kuimaliza.

Nafundisha sekondari. Tumepewa kompyuta sita zenye Core 2 Duo, ramu GB 2, diski za GB 160, zikiwa na XP. Intaneti yetu ni ya bando la simu tu. Tuanzie wapi? (Kasulu)

Mwalimu, swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu mashine hizo zina miaka mingine ya kazi mbele yake.

Pima diski zote sita kwanza, kama nilivyomweleza mzee wa Ujiji, na uandike namba kwenye daftari. Zilizo safi zipe kazi. Iliyo safi kuliko zote ifanye kuwa ghala, yaani mashine ya kutunza faili za wote. Pakua MX mara moja tu, mahali penye mtandao mzuri, kisha linganisha namba inayotolewa na amri ya `sha256sum` kwa faili hilo na namba iliyo kwenye ukurasa wa upakuaji. Wengi wanaruka hatua hii, faili linakuwa limekatika katikati ya bando, halafu wanasema Linux ni mbovu. Flashi moja itasakinisha mashine zote.

Kwenye ghala weka Samba, programu ya kushirikisha faili, ili mashine nyingine zifungue mitihani ya zamani kutoka hapo kupitia swichi na waya, bila intaneti hata kidogo. Ongeza Kiwix, programu ya kusoma tovuti zilizohifadhiwa, na wanafunzi watasoma Wikipedia ya Kiswahili bila bando. Faili zake kubwa, hasa za Kiingereza, zinaweza kuzidi GB 4, na flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili la ukubwa huo. Ifomati kwa exFAT.

Kuhusu umeme kukatika: fomati diski kwa ext4, ambayo ina jarida la kurekebisha maandishi yaliyokatika njiani. Jarida linalinda mpangilio wa faili, halilindi mtihani uliokuwa ukiuandika wakati huo. Ghala lipate UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), hata ndogo.

Tena Mwalimu, hujauliza hili, lakini nalisema: matokeo na taarifa za wanafunzi zisikae kwenye diski moja kuukuu. Weka nakala ya pili kwenye diski nyingine, iliyofungiwa ofisini, nje ya ghala. Na mkiuza au kugawa mashine, futa diski yote kwa `shred`, maana kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Diski ya laptopu ya Windows nikiichomeka kwenye Linux inasoma, lakini haikubali kuandika. Niifomati? (Gungu)

Hapana! Windows haikuzimika kabisa, ililala. Irudishe kwenye laptopu yake, ondoa Fast Startup (mpangilio wa Windows unaoilaza badala ya kuizima), zima vizuri, kisha jaribu tena.

Dukani walinipigia windo (walifuta na kuweka Windows upya) bila kuniuliza. Picha zote za marehemu baba zilikuwa humo. Kuna njia? (Buhigwe)

Dada, pole sana. Njia ipo, lakini kuanzia sasa usiwashe kompyuta hiyo kupitia diski hiyo. Kila inapowaka inaandika, na inaweza kuandika juu ya picha. Itoe, iunganishe na mashine yenye Linux, na uchukue diski nyingine kubwa kuliko hiyo. Sakinisha gddrescue, unakili diski nzima kuwa faili moja kwa `ddrescue`, kisha elekeza PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, kwenye nakala hiyo, kamwe si kwenye diski yenyewe. Majina ya faili yatapotea, na picha zilizoandikwa juu na windo mpya hazirudi. Nyingine zinaweza kurudi.

Nawasihi wenye maduka: muulize mteja kilichomo kabla ya kufomati. Inachukua nusu dakika.

Nimeuziwa diski ya nje ya TB 2 kwa shilingi elfu thelathini. Nihamishie kazi zangu zote? (Mwanga)

Kwa bei hiyo, ndani mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili itaje ukubwa wa uongo. Ikiwa bado tupu, sakinisha f3, programu ya kupima ukubwa halisi, na uendeshe `sudo f3probe --destructive /dev/sdb`, baada ya kuhakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb ndiyo diski hiyo. Ikikujibu kuwa ni GB 32, mrudishie muuzaji leo hii.