Swali: Sina huduma kanisani, nashinda kibandani, je neema inanitosha?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni dada wa miaka 34, wakala wa pesa za simu, nafungua kibanda saa 12 asubuhi nafunga saa 3 usiku, kwaya siwezi, maombi ya Jumatano siwezi. Mzee wetu wa kanisa kaniambia imani bila matendo imekufa. Kaka yangu anasema neema imemaliza yote niache kujisumbua, alafu kwenye semina moja tukaambiwa asiyejua kusudi lake anaishi bure. Juzi mtu nisiyemjua kakosea namba elfu 80 ikaingia kwenye simu yangu nikamrudishia, ila hata hapo sikujisikia cha kiroho chochote. Nifanye nini?

JIBU: Amina dada yangu, asifiwe sana.

Tuanze na kaka yako mana yeye ndo amekaribia zaidi, tatizo lake amefunga kitabu mapema. Anasoma Waefeso 2:8 na 9, mmeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo mtu awaye yote asije akajisifu, anasema amina anaenda kulala. Mstari wa 10 upo palepale chini: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Sasa angalia nini kimetangulia. Mtoto hatumwi dukani ili azaliwe, anazaliwa kwanza, anakula bure miaka kadhaa, ndo anakuja kutumwa, na siku akigoma kwenda atasemwa lakini hatorudishwa hospitali alikozaliwa.

Na hilo neno "tuenende" watu wanalipita haraka sana. Kwa Kigiriki Paulo kaandika neno la kutembea, kutembea huku kwa kawaida, na ni lilelile alilotumia mstari wa 2 anaposema dhambi zile "mliziendea zamani". Yaani sura inaanza na mtu anatembea njia mbaya, katikati neema inamkamata, akifika mstari wa 10 bado anatembea, njia ndo imebadilika. Na mtu hatembelei madhabahuni dada, anatembea huko anakokwenda kila siku, na wewe unakwenda kibandani.

Kwa hiyo hii habari ya kusudi isikunyime usingizi. Kwakweli sisi wahubiri tumeitia chumvi mno, mtu anaona kama kuna ufunguo Mungu kauficha mahali na asipouona maisha yake ni hasara, wakati Paulo anasema hayo matendo yalishatengenezwa tokea awali, maana yake yanakusubiri njiani, hutakiwi kuyabuni. Ile elfu 80 hukuipangia ratiba, iliingia yenyewe kwenye simu. Kutojisikia chochote si tatizo, mwenye hela yake amelala na amani.

Sasa kwa mzee. Andiko lake ni la kweli kabisa ila amelipeleka sipo. Soma Yakobo 2:15 na 16 uone Yakobo mwenyewe katoa mfano gani, ni ndugu asiye na nguo wala riziki ya siku, mtu anamwambia enda kwa amani ukaote moto ukashibe, na hampi kitu. Kwaya haimo, mazoezi hayamo, kuna nguo na chakula. (Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, mwaka 1522 aliandika kwamba waraka huu wa Yakobo ukiulinganisha na vitabu vingine ni waraka wa majani makavu, mimi nampenda Luther lakini hapo alikuwa na hasira zake, Yakobo anapigana na imani ya mdomoni na hiyo hata Paulo hakuitaka.) Nikiri na mimi, nilishawahi kumsema dada mmoja kwamba ni mvivu kwa kukosa ibada za katikati ya wiki, kumbe alikuwa anamgeuza mama yake kitandani aliyepooza. Nilienda kumuomba msamaha na bado naona aibu.

Andiko lako wewe naona ni Luka 3. Watoza ushuru, watu wa hela kama wewe, walimfuata Yohana Mbatizaji wakamuuliza "Mwalimu, tufanye nini sisi?" Nilitegemea awaambie waache kazi wamfuate jangwani, akawaambia "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Basi. Unajua mwenyewe huko mtaani kuna wakala akimuona bibi hajui kusoma anamuongezea mia tano ya kwake juu ya makato, au anamwambia mtandao unasumbua mpaka amtoe kitu, na namba ya siri ya bibi anaikariri. Wewe ukimhesabia noti zake taratibu mbele ya macho yake ukamwambia bibi hii namba usimtajie mtu hata mimi, hayo ndo matendo mema, na hayakuongezei kuokoka hata chembe, ulishaokoka.

Moja tu nitakubana. Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja, kwa hiyo Jumapili asubuhi funga kibanda, wateja watasubiri mpaka saa 7. Jumatano usijilaumu. Na mzee ukikutana naye msalimie vizuri kwa heshima yake, akija kutoa hela kwako makato ni ya kwenye bango, hakuna ya juu.