Kichwa Kimetulia, Kumbukumbu Zimefika

SWALI

Mzee, habari za Jinja? Mimi ni wakala mdogo wa mizigo hapa mpakani Malaba, nina miaka 38. Nimemaliza miezi saba bila kuonja pombe. Nilidhani kichwa kikitulia nitafurahi, kumbe kimetulia ili nikumbuke vizuri. Juzi napanga karatasi za lori, ghafla nikakumbuka yale matusi kati yangu na kaka yangu kwenye matanga ya mama. Miaka minne nimesema yeye ndiye aliyenichokoza. Si kweli, nilianza mimi. Hatusemezani mpaka leo.

Usiku silali vizuri, chai naitia sukari vijiko vitano, na rafiki zangu wananiita Padri. Mke wangu anafurahi, lakini mimi naona siku zimepooza. Tena kwetu mambo ya ukoo huzungumzwa kwenye chungu cha ajono, ile pombe ya ulezi tunayokunywa pamoja kwa mirija. Nisipokaa pale sina sauti. Nikikaa na soda yangu, kuna ubaya?

Padri wa Malaba

JIBU

Padri, jina hilo lishike. Ni zuri kuliko yale tuliyokuwa tukiitwa zamani.

Nianze na sukari na usingizi, maana hayo ni mepesi. Mwili uliozoea chupa ukinyimwa hudai utamu kwingine. Wewe umekimbilia chai, mimi nilikimbilia mandazi, nikanenepa hadi ovaroli ikagoma kufunga. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Usingizi nao una deni lake. Pombe humwangusha mtu mapema, kisha kuanzia saa nane ya usiku humgutuagutua mpaka alfajiri, na mwili uliozoea hivyo kwa miaka haujifunzi upya kwa miezi saba. Mimi nilichukua karibu mwaka mzima. Huko kupooza pia kunatoka humo humo, na huondoka polepole.

Kidogo niwageukie wanaosoma hapa na bado wanakunywa kila siku: msiache ghafla mkiwa peke yenu kwa sababu Padri kaweza. Mimi niliacha mwaka 2013, wakati waragi wa pakiti, pombe yetu kali ya Uganda, ulikuwa bado unauzwa kila kibanda (serikali ilizipiga marufuku pakiti hizo mwaka 2019). Siku ya pili mikono ilitetemeka nisiweze kushika spana, usiku nikaona siafu wakipanda ukutani. Hawakuwapo. Wengine huanguka kifafa, wengine hufa. Nendeni kwanza kituo cha afya mwaambie kiasi mnachokunywa bila kupunguza. Kwa waliozidiwa, hospitali ya Butabika pale Kampala wana wodi ya watu kama sisi.

Sasa hilo la kaka yako, ndilo lililonifanya nichague barua hii.

Nilikuwa na gereji ndogo. Kuna mteja mwenye pikapu nilimtengenezea giaboksi, na kwa miaka miwili nilimtangaza mji mzima kwamba amekula shilingi zangu 400,000. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mwezi wa tano tangu niache, nafungua daftari kutafuta namba ya fundi wa redieta, nakutana na mwandiko wangu mwenyewe, umelala upande kama mbuzi mgonjwa: “Giaboksi, amelipa zote.” Nilirudi chini ya gari la mtu nikalala pale nusu saa bila kugusa hata nati. Taa ikiwashwa jikoni usiku, wa kwanza kuonekana ni mende. Ndivyo ilivyonianzia mimi, nawe ndivyo inavyokuanzia.

Nilimfuata dukani kwake. Nikamwambia nilisema uongo, na nitawaambia wale wale niliowaambia. Akaniuliza kama nataka chai. Tulikunywa. Pikapu yake hakuileta kwangu tena mpaka nilipofunga gereji, nami sikumlaumu. Nakwambia hili usije ukaenda kwa kaka yako ukitegemea kukumbatiwa.

Na ukienda, pombe usiitangulize. Waragi haukumtukana mtu kwenye matanga ya mama yenu; wewe ndiye uliyemtukana kaka yako. Taja maneno yale yale uliyosema, mbele yake, kisha nyamaza. Kama naye alikukosea, hilo ni lake, atalileta siku yake.

Kuhusu chungu: mwaka huu, hapana. Najua nitawaudhi wazee wa Tororo, lakini soda haikulindi pale. Mrija unazunguka, maji ya moto yanaongezwa, mjomba anasimulia kisa kitamu, na bila kufikiri anakupa mrija wake umshikie. Mkono wako unaijua njia ya mdomoni kuliko wewe.

Lakini sauti usiipoteze. Ukoo wenu bila shaka ni kama wetu: michango ya mazishi inaahidiwa chunguni jioni, asubuhi kila mtu anauliza nani aliahidi nini. Wewe kazi yako ni karatasi. Mwombe mjomba mmoja unayemwamini akuache uwe mwenye daftari la michango. Ufike mapema, uandike, usome kwa sauti, uage. Ukiulizwa kwa nini huketi, sema lori linakusubiri mpakani. Malaba kuna lori linalosubiri saa zote, hutakuwa umedanganya.

Kwa kaka yako usingoje Krismasi, maana Krismasi wote mtakuwa na wageni. Nenda Jumamosi hii. Kama bado anaishi pale kwa mama, fika asubuhi, kabla hawajatia maji ya moto kwenye chungu.