Ukienda Kigali kwa Pikipiki, Ufunge Utepe Mkono wa Kulia

Watu wengi wanaotoka Tanzania kwenda Rwanda kwa pikipiki wanaogopa mpaka wa Rusumo. Wameambiwa kwamba ukivuka tu daraja la Mto Kagera unahama upande: huku tunapita kushoto, kule wanapita kulia. Kwa hiyo pale darajani kila mtu yuko macho, anakwenda taratibu nyuma ya malori. Mimi nilipita salama kabisa. Nilikosea kesho yake, Kayonza, mji ulio ndani ya Rwanda njiani kwenda Kigali, saa moja asubuhi, nimelala vizuri na nimekunywa chai.

Sheli niliyoingia kuweka mafuta ilikuwa upande wa kushoto wa safari yangu. Nikalipa, nikawasha, nikakata kona kushoto kuendelea na safari, na mkono ukafanya ulichozoea miaka yote: ukabana ukingo wa kushoto. Barabara ilikuwa tupu. Hakukuwa na gari hata moja la kunikumbusha. Nimekwenda kama mita mia tatu nikisikia raha ya ubaridi wa asubuhi, mara kijana aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye ndizi akapaza sauti, "Iburyo! Iburyo!" Sikumwelewa, ila nilielewa uso wake. Nikahamia kulia, na sekunde chache baadaye Kosta ikatokea kwenye kona, upande ule ule niliokuwa nimeuacha. Nilisimama, miguu inatetemeka. Iburyo ni kulia. Kushoto ni ibumoso. Jifunze maneno hayo mawili kabla hujajifunza salamu.

Ndiyo maana nasema hatari haiko kwenye foleni. Kwenye foleni unafuata wenzako. Hatari iko pale unapoanza upya: unatoka sheli, unatoka gesti, unatoka kula, barabara iko wazi na akili imetulia. Tangu siku ile nafunga utepe mwekundu kwenye mshikio wa kulia, na kila ninapowasha najiambia kwa sauti, "Mtaro mkono wa kulia." Maneno "kulia" na "kushoto" peke yake huchanganya ukiwa umechoka. Mtaro unauona.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuona mtu akilieleza, na linamhusu mwenye pikipiki tu. Stendi ndogo iko kushoto. Nyumbani ukiegesha kando, barabara inainama kuelekea kushoto, pikipiki nayo inalalia huko huko. Rwanda unaegesha kulia, ardhi inainamia kulia, kwa hiyo pikipiki inasimama karibu wima, na ukiwa na mzigo inaweza kuangukia mtaroni kwa kuguswa kidogo tu. Tafuta sehemu ya tambarare. Halafu sisi hupanda na kushuka kwa kushoto. Nyumbani huko ndiko kwenye nyasi. Kule unashukia katikati ya magari. Angalia nyuma kwanza, ndipo ushushe mguu.

Indiketa za malori nazo. Aliyekulia barabara ya Kahama anajua: lori lililo mbele yako likiwasha ya kushoto, dereva anakuambia pita, likiwasha ya kulia, tulia. Kule Rwanda sipokei ruhusa hiyo kwa mtu. Malori mengi yana namba za Tanzania na madereva wana mazoea ya nyumbani, mengine ni ya wenyeji, na huwezi kujua anayekuonyesha anahesabu kwa upande upi. Isitoshe, dereva wa lori letu akiwa kule usukani wake uko upande wa mtaro, haoni vizuri kinachokuja mbele. Mwachie nafasi kubwa. Milima ile ina kona nyingi na mstari mzima katikati. Kuovateki hapo ni kosa, na trafiki hawana mzaha. Kamera za mwendo kasi, ambazo wenyeji huziita Sofia, hazikupi nafasi ya kujieleza.

Kwenye kipilefti cha Kigali unazunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo magari yanakujia kutoka kushoto. Shingo itataka kugeukia kulia kwanza. Ilazimishe. Kuchomekea kati ya magari, kama tunavyofanya Dar, acha. Abiria ni mmoja, na yeye pia avae kofia ngumu, iwe umbali ni wa kwenda dukani tu. Niliona wenyeji wanavyosimamia jambo hilo, nikatamani sana tuwe nalo huku kwetu.

Karatasi: kadi ya pikipiki, leseni, na kama chombo si chako, barua ya mwenyewe. Bima ya kawaida haikufai ng'ambo. Omba kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya chombo inayokubalika nchi jirani, kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Usiichanganye na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana zote watu wanaziita kadi ya njano. Mifuko ya plastiki iache Benaco, upande wetu kabla ya mpaka, kule imepigwa marufuku tangu 2008. Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi usipange safari ya asubuhi: kuna umuganda, watu wanafanya kazi za jamii kuanzia saa mbili hadi saa tano, na barabarani utasimamishwa.

Niliporudi, nilisimama Rusumo kabla ya kuanza kuendesha upande wetu. Nilizima pikipiki, nikafungua utepe kwenye mshikio wa kulia, nikaufunga kushoto. Siku nne tu kule, na mkono ulikuwa tayari umeanza kuzoea kulia.