Bei ya ofa na daftari la dukani

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo huku Kayole, Nairobi. Juzi kwa simu uliniuliza mbona majirani zetu bado wananunua kibandani kwa bei ya juu, na supamaketi kubwa yenye ofa kila wiki iko hapo barabarani. Ukataka kujua kama maduka hayo makubwa yanamsaidia mnyonge au yanamkandamiza.

Kusaidia, yanasaidia. Mwenye pesa ya unga wa kilo mbili na mafuta ya lita tatu kwa mpigo huokoa hela ya maana kule. Lakini jirani yetu anayefulia watu nguo hulipwa jioni, siku akipata kazi. Hapo atoe nauli, atoe ya makaa, atoe ya maji. Kinachobaki ni cha unga nusu, mafuta ya ishirini na sukari ya kumi. Mwanawe hutumwa na kikombe. Mwenye duka akishampimia mafuta, mtoto hurudi akitembea polepole, macho kwenye kikombe, yasimwagike. Ofa ya kununua mbili upewe ya tatu itamfaa nini mtu ambaye hata hiyo moja haimudu?

Na siku akikosa kazi, anaandikwa deni kwenye daftari la duka la mtaani, watoto wanakula, atalipa akipata. Supamaketi haina daftari.

Sasa sikia linaloniumiza. Mwenye duka aliweza kukopesha kwa sababu walimu, askari na makarani wa mtaa walinunua kwake kwa pesa taslimu kila mwisho wa mwezi. Pesa yao ndiyo iliyorudisha mzigo dukani huku wengine wakidaiwa. Wenye mishahara wakihamia kwenye ofa, anabaki na wadeni watupu. Mzigo unapungua, kisha siku moja anabandika karatasi: hakuna kukopa. Hapo mama wa kikombe amepoteza mkopo, na ile bei ya chini bado hajaifikia.

Hata hiyo bei, kuna mtu anayeilipia. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwabana wauzaji wawili waliokuwa wakiipelekea bidhaa, mmoja wa asali, mwingine wa mafuta ya kupikia na sabuni. Supamaketi za Nakumatt na Tuskys nazo zilianguka zikidaiwa mabilioni na waliozipelekea bidhaa. Kiwanda kikikosa pesa zake, wa kwanza kuambiwa asirudi kesho ni kibarua, na vibarua wengi wa Industrial Area, eneo la viwanda, wanalala huku kwetu Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi.

Ulisema utanitumia pesa ninunue kila kitu supamaketi. Tuma, mwanangu, Mungu akubariki. Unga na mafuta nitachukua huko. Sukari, majani, sabuni na maziwa nitanunua hapa mtaani, taslimu, mapema kabla mwenye duka hajaenda kuchukua mzigo. Nawe huko Ruaka, jua mwenye duka la karibu nawe, umnunulie hata mkate.

Babako anakusalimu sana.

Mamako