Maswali ya wasomaji: Kompyuta ya nyumbani, niunganishe au ninunue nzima?

SWALI: Nahitaji kompyuta ya mezani kwa hesabu za duka, na mwanangu wa kidato cha pili asomee. Fundi anataka niagize vipuri Kariakoo aiunganishe hapa, eti itakuwa nafuu na ya kisasa. Mdogo wangu anasema nichukue ya mtumba iliyotoka ofisini. Nimsikilize nani?
Mama wa duka, Ipuli, Tabora

JIBU: Mama, kwa kazi hizo msikilize mdogo wako. Fundi hakudanganyi kuhusu ukisasa, ila hesabu yake haijafika mwisho. Vipuri lazima vipatane: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha 10 haiingii kwenye mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) ya kizazi cha 12, na ramu (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4 haikai kwenye tundu la DDR5. Kuna na mtego wa herufi F. Prosesa kama i5-12400F haitoi picha bila kadi ya picha ya kununua pembeni. Bei yake inavutia, lakini ukiiwasha feni zinazunguka na monita giza totoro. Hapo leseni ya Windows bado hujanunua, wakati mashine ya ofisi mara nyingi huja na leseni hiyo, iliyofungamanishwa na mazabodi yake.

Tatizo kubwa ni siku itakapogoma. Ili kujua kipuri kipi kimekufa, fundi hubadilisha kimoja kimoja kwa kingine kizima. Muulize kama anavyo vya akiba. Kama hana, kipuri kitapanda basi kurudi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, huku siku za dhamana zikihesabika. Kuunganisha kungefaa kama kijana angetaka magemu mazito au kuhariri video.

Sasa ununuzi. Muuzaji akikwambia "hii Core i5", yaani jina la prosesa tu, bado hajakwambia kitu. Soma namba yote: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-7500 ni cha 7. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache mno za cha 7. Dell OptiPlex 3060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye ramu ya GB 8 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256 inakutosha kabisa. Ukikuta ina diski ya kizamani ya kuzunguka, dai SSD kwanza. Hakuna kitu kinachoifanya mashine ya zamani ijikokote kama diski hiyo.

Iwashwe mbele yako. Papo hapo gusagusa kitufe cha F2 kwenye Dell, au F10 kwenye HP, ili ufungue mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nenosiri, iache dukani, maana hilo ni kufuli la ofisi ilikotoka. Kisha igeuze uone mgongo wake. Baadhi ya pawasaplai (visanduku vya umeme vya mashine) zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia "pa!", na harufu ya kuungua itafuata. Angalia pia matundu ya picha: nyingi zina tundu la DisplayPort, kwa hiyo monita yako ikiwa na tundu la zamani la VGA tu, nunua na adapta.

Ongeza UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ya VA 650. Umeme ukikatika utapata dakika chache za kuhifadhi hesabu na kuzima. Vumbi la kiangazi lifagie kila miezi 3 kwa brashi kavu ya rangi, mashine ikiwa imechomolewa, na feni uishike kwa kidole isizunguke.

SWALI: Kila nikichomoa kompyuta, saa inarudi miaka ya nyuma na tovuti zinakataa kufunguka. Ni virusi?
Msomaji, Nzega

JIBU: Hapana. Betri ya mazabodi imekwisha, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Chomoa umeme, sukuma kikucha kinachoishika, weka mpya upande wa + ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe. Tovuti zilikataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama hukaguliwa kwa tarehe ya mashine yako.