Sakafu ya mbao Bunju: anza na unyevu wa jamvi

Mkuu, umeuliza uweke nini sebuleni kwenye nyumba yako ya Bunju, Dar es Salaam: mbao halisi, laminati au marumaru zenye sura ya mbao. Umesema jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, lina miezi miwili tangu limwagwe, na muuza duka anakuhimiza uchukue laminati kwa kuwa ina punguzo. Nakusihi usilipie kitu kwanza. Mimi nimejenga Tanga, vyote vitatu nimeviweka kwa nyakati tofauti, na viwili vya mwanzo viliniharibikia kwa sababu ya unyevu.

Nilianza na laminati. Kiini chake ni unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Juu hubandikwa picha ya mbao, kisha tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo. Zile alama za AC3 na AC4 kwenye boksi zinahusu uimara wa hilo tabaka la juu, habari ya maji haimo. Nilinunua AC4 nikaona nimemaliza kazi. Masika ya kwanza, viungo vya karibu na mlango wa barazani vikaanza kutuna. Nikadhani ni mvua inayopeperushwa ndani, nikatandika zulia. Wiki chache baadaye uvimbe ukafika katikati ya sebule, mahali ambapo mvua haifiki na hatukuwa tukideki kwa maji mengi. Tulipong'oa, kile kigodoro cha povu cha chini kilikuwa kimelowa chapachapa na jamvi limepiga weusi. Fundi hakutandaza nailoni kabla ya kumwaga zege, nami sikujua kwamba ni jambo la kuuliza. Unyevu wa udongo ulikuwa unapanda taratibu na laminati inaunywa.

Kwa hiyo mtafute aliyekumwagia jamvi umuulize kama alitandaza nailoni. Halafu hesabu muda. Siku 28 zinazotajwa ni za zege kupata nguvu. Kukauka ni habari nyingine kabisa. Makadirio ya mafundi wa sakafu ni kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na hali ya hewa ikiwa ya unyevunyevu kama yetu muda unazidi hapo. Jamvi la sentimita 10 linataka miezi minne kwa uchache.

Kupima mwenyewe hakuna gharama. Kata nailoni angavu ya mita moja kwa moja, ilaze juu ya jamvi lililofagiwa, bana kingo zote kwa utepe wa gundi pasiwe na upenyo, uiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini, au zege la hapo limekoza rangi kuliko la pembeni, bado. Fanya hivyo sehemu tatu nne, hasa karibu na ukuta wa bafu. Na hata pakiwa pakavu wakati wa kiangazi, rudia masika, maana mimi nilitandika laminati yangu mwezi wa pili jamvi likiwa linaonekana kavu kabisa.

Mbao halisi niliweka chumbani. Nilifuata mtiki Muheza, muuzaji akaniapia kuwa zimekauka, tukazipigilia wiki ileile. Ilipofika kiangazi zikaachana, nafasi nyingine sarafu inaingia bila kulazimishwa. Mbao hunywea kwa upana, urefu haubadiliki sana, ndiyo maana mianya ilitokea ubavuni tu. Nilipozirudia nilifanya hivi: nilizipanga ndani ya chumba chenyewe, kila safu imetenganishwa na vijiti hewa ipite, na mbao moja nikawa naipima kwa mizani ya dukani kila Jumamosi. Uzito uliposimama kwa wiki tatu mfululizo ndipo nikamwita fundi. Tuliacha pia nafasi ya milimita 10 kuzunguka kuta zote, ikafichwa na ubao wa pembeni. Hadi leo zimetulia. Ukipata mninga au mkongo utafurahi zaidi, hazichezi sana, ila kataa ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Wadudu huanzia hapo.

Sebuleni sasa nina marumaru za sura ya mbao, za sentimita 20 kwa 120, na kwa nyumba ya chini huku pwani ndizo ninazokushauri. Zinapoza miguu mchana, na mama watoto anadeki kwa ndoo bila wasiwasi. Ndugu yangu aliyeko Njombe aliweka mbao, na kwa baridi ya kule namuelewa kabisa. Hata nyumba za mawe za Lamu na Unguja, mbao bora zilikwenda milangoni na boriti za mikoko darini. Chini ilipigwa chokaa. Nadhani wazee walikuwa wameshajifunza.

Fundi wa marumaru msimamie. Vipande virefu huwa na mbinuko kidogo katikati, hivyo akipanga kiungo cha kipande kimoja kwenye katikati ya jirani yake, kingo zitanyanyuka na utajikwaa. Mwambie apishanishe kwa theluthi moja tu. Kabla ya kulipa, fungua maboksi mawili matatu uangalie picha ngapi tofauti zimo. Zikiwa chache, lile fundo moja la mti litakutazama kila kona.

Kuna pia SPC, vibao vya sakafu vya unga wa mawe ya chokaa na plastiki. Haivimbi kwa maji, lakini inataka jamvi lililonyooka: weka rula ya mita mbili, mwanya ukizidi milimita 3 viungo vitakatika. Jua kali la kioo kikubwa nalo huitanua hadi inanyanyuka. Kwa hiyo ukishapima kwa nailoni, niambie ulichokuta, na kama dirisha la sebule linatazama magharibi.